Mashine Iliyousubiri Moyo

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Asubuhi hiyo Mbeya ilijifunika ukungu kama mgonjwa aliyejivutia blanketi hadi kichwani, na baridi iliuma mpaka kwenye mifupa. Lakini Bertha, mwalimu wa kwaya kutoka Mafinga, hakuisikia. Leo moyo wake ungepigwa picha! Kwa miezi kadhaa miguu ilimvimba, na pumzi ilimkatikia katikati ya wimbo. Daktari Gwakisa alikuwa amemwambia wazi: misuli ya moyo ikionekana ina makovu, kuongoza kwaya ndiyo basi; ikiwa mizima, dawa zingemtosha.

"Mwanangu, nipige moja tu, kama ya pasipoti," alimwambia Shamsha, mtaalamu wa mashine ya MRI pale hospitalini.

Shamsha alicheka. "Mama, moyo haukai kitini ukatabasamu. Unaruka! Ni kama kumchora mtoto aliye kwenye bembea. Kila akifika pale pale juu, unachora mstari mmoja. Unangoja arudi, unachora wa pili. Nyaya hizi nitakazokubandika kifuani zinaiambia mashine kwamba moyo umepiga. Inachota kidogo, inasubiri pigo lijalo, inachota tena, mpaka picha ijae."

"Haba na haba!" Bertha alipiga makofi. "Hata mimi wimbo mpya nafundisha mstari kwa mstari."

"Wewe huyo?" alidakia Ezekia, mumewe. "Dawa unameza wiki moja, ukipata nafuu unazifungia kabatini. Unataka kupona kwa mkupuo!"

Bertha alimkata jicho, akaingia chumba cha mashine.

Mashine ikaanza kugonga. Picha ya kwanza ilikuja ukungu mtupu, kama ule wa nje. Ya pili vivyo hivyo. Shamsha alisimamisha kazi, akaingia chumbani. Kibandiko cha waya mmoja kilikuwa kimeteleza kifuani. Mashine haikusikia pigo, ikawa inachota ovyo.

"Mama, umejipaka nini?"

"Mafuta ya maombi. Alfajiri nimeomba, nikajipaka kifua kizima."

"Ndiyo maana vibandiko havishiki. Itabidi niyafute."

"Upako wangu!" Bertha alikumbatia kifua chake kwa mikono miwili.

Shamsha alisimama na kitambaa mkononi. "Mama, mimi ni Mwislamu, lakini najua dua haifutiki kwa kitambaa. Imeshafika kwa Mwenyewe."

Bertha alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Kumbe leo nimehubiriwa! Futa, mwanangu."

Wakaanza upya. "Toa pumzi, mama. Zuia." Moyo ukapiga, mashine ikajibu: du! Ikanyamaza. Moyo ukapiga tena: du!

"Inanifuata!" Bertha alipaza sauti ndani ya lile bomba. "Inafuata mpigo wangu kama sauti ya nne kwenye kwaya!"

"Mama, usiongee! Umeharibu!"

"Nisamehe, sirudii!"

Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kwa furaha. Akaomba kimyakimya, pumzi moja ombi moja, mpaka ukatulia kama maji mtungini. Alizuia pumzi, akaachia, akazuia tena. Polepole ukungu ukaondoka kwenye kompyuta. Moyo wa mkewe ulipotokea mbele ya Ezekia, aliyeketi nyuma ya Shamsha, ukifumba na kufumbua kama ngumi ya mtoto mchanga, mzee huyo alivua kofia.

Mchana Daktari Gwakisa aliwaita. Shamsha naye aliingia na picha zake. "Misuli haina kovu hata moja," daktari alisema. "Moyo umetanuka kidogo kwa kuchoshwa na shinikizo la damu, basi."

Bertha alipiga kigelegele hadi wauguzi wakachungulia mlangoni.

"Ngoja kwanza, mama! Dawa ni kila siku, hata ukijisikia mzima. Ukirukaruka siku za dawa, moyo utazidi kutanuka, na hapo makovu yatakuja."

Ezekia alikohoa kidogo, akatazama dari. Bertha alisimama, akainua mkono kama yuko mbele ya kwaya yake.

"Mume wangu, daktari, nawe mwanangu Shamsha, muwe mashahidi. Mbele za Mungu aliyenipa moyo huu, naahidi: mashine imenisubiri pigo kwa pigo bila kunung'unika, nami nitameza dawa siku kwa siku, niwe mgonjwa, niwe mzima. Sitadai tena kupona kwa mkupuo. Haba na haba hujaza kibaba!"