Nani Aingie Wodini na Mwinjuma?

Sogeeni basi. Wafupi waje mbele, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize. Mwenye hamu ya kucheka naye acheke sasa, maana huko tunakokwenda sitampa nafasi. Nawaletea nyumba moja yenye watu wanne. Mimi kazi yangu ni kusema tu. Kuamua ni kazi yenu, na leo hatoki mtu hapa kabla hajaamua.

Nyumba yenyewe ilikuwa kule Pwani, upande wa bara, kwenye mikorosho na mihogo, kijiji kinachosifika kwa jando. Alikaa humo bibi mmoja, Bi Mwamvita, na kipaji chake kilikuwa macho. Ndiye aliyeogesha watoto wachanga wa kijiji kizima mpaka arobaini zao zitimie. Akimgeuza mtoto mara moja kwenye beseni anakwambia huyu ana manjano, huyu kitovu hakijakaa sawa, huyu mkimbizeni hospitali. Watu walimsikiliza, kwa sababu hakuwahi kukosea.

Mwanawe, Mfaume, kipaji chake kilikuwa mkono. Alikuwa ngariba. Hata waliotoka mbali walimletea watoto wao, wakisema kisu cha Mfaume hupita kabla mtoto hajavuta pumzi ya kulia.

Na mke wa Mfaume, Siwazuri, alipewa sauti. Mnajua siku ya jando wanawake hawafiki kumbini. Hukaa uani wakaimba, tena waimbe kwa nguvu, ili mama asisikie mwanawe anavyolia kule porini. Anayewaimbisha ni Siwazuri. Akianza yeye, hata ng'ombe hasikiki.

Wa nne ni mtoto wao, Mwinjuma. Yeye hakupewa kipaji. Alipewa hao watatu.

Mwinjuma alizaliwa na tundu la mkojo ambalo halikukaa kwenye ncha. Lilikuwa chini yake, na ngozi ya mbele ilifunika upande wa juu tu, upande mwingine wazi. Kijijini pale wakasema mtoto huyu ametahiriwa na malaika. Mfaume akambeba baraza hadi baraza. "Mnamwona mwanangu? Malaika wameanza kazi tumboni, wamemwachia baba yake amalizie!" Watu wakacheka, wakampa mkono. Umri wa jando ulipofika, Mwinjuma akaingia kumbini na wenzake, baba yake akamalizia, wanawake wakaimba, vigelegele vikapigwa. Akatoka mwali kama wali wengine.

Lakini mkojo wenyewe haukuwa na habari na sherehe hizo. Uliendelea kushuka chini, ukamlowesha miguu. Wenzake wakisimama kwenye ukuta wa choo cha shule, yeye huchuchumaa kwenye mihogo nyuma ya darasa. Siku moja wakamfuata.

"Si tuliingia wote kumbini? Mbona wewe unachutama?"

"Labda malaika wake walikuwa wanajifunza kazi!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo Mwinjuma akaacha kunywa maji. Akiamka hanywi chai, shuleni hanywi uji, akirudi hutafuna muhogo mkavu hivyo hivyo, ili asiwe na cha kumtoa darasani. Hakutaka makubwa, jamani. Alitaka kusimama ukutani na wenzake, siku moja tu, wasigeuke kumtazama.

Mwili ukagoma. Akawa analia akikojoa, homa ikampanda darasani, na mwalimu wake akaja nyumbani mwenyewe. "Madaktari bingwa wamefika hospitali ya wilaya," akasema. "Mkimficha na safari hii, nitampeleka mimi." Basi wakaenda wote wanne, bibi amevaa kanga zake za Idi.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti. Alimsalimu bibi shikamoo, akamgeukia mtoto. "Nikuangalie, baba?" Mwinjuma akakubali kwa kichwa. Daktari akatazama kwa muda mrefu, kisha akamfunika shuka vizuri.

"Nani alimtahiri huyu?"

"Mimi mwenyewe," akasema Mfaume. "Mimi ndiye ngariba."

Daktari akavuta kiti akakaa. "Mzee wangu, si laana hii, wala si kazi ya malaika. Watoto wanazaliwa hivi, nawaona kila mara, na tunawatengeneza. Lakini ile ngozi uliyoikata ndiyo kitambaa changu. Ndiyo ninayoshonea njia ya mkojo. Angeletwa mdogo, nayo ipo, pengine ningemshona mara moja akaenda zake kucheza. Sasa kitambaa hakipo. Itabidi nichukue ngozi ndani ya mdomo wake, niishone, nisubiri miezi ipone, nimrudie tena. Na siwezi kukuahidi. Wapo wanaofumuka, tukaanza upya."

Mwinjuma akapitisha ulimi ndani ya mdomo wake wa chini. Alikuwa anaogopa, tena sana.

"Atakwenda na sisi hospitali kubwa ya mjini," daktari akaendelea. "Atakaa mpaka tumalize, pengine masika yatapita. Wodi inapokea mtu mmoja wa kumuuguza, na ni huyo huyo mpaka mwisho. Mwinjuma, utachagua wewe. Sista akija kukuita, uwe umeshaamua."

Wakatoka wakakaa kwenye benchi la korido. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwinjuma akadhani wanaona huruma, kumbe walikuwa wanaona haya. Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa bibi.

"Mimi niliona," akasema Bi Mwamvita. "Siku ya kwanza tu, nilipomwogesha. Nilishawahi kumwogesha mwingine wa hivi, mtoto wa watu, akapelekwa mjini, akashonwa, akapona. Nilijua la kufanya, mjukuu wangu. Lakini mama yako alikuwa amezika wawili kabla yako, na ukoo ulishakaa kikao. Walisema tumbo lile lina mkosi, na safari hii akizaa kilema arudishwe kwao. Nikamtazama amelala pale kitandani, damu haijamkauka, ananiuliza, 'Mama, mzima?' Nikamwambia mzima, tena huyu kaguswa na malaika. Neno la malaika nililizua mimi. Nilikuwa namwokoa yeye."

Siwazuri akashika mdomo. Alikuwa hajui, miaka yote hiyo, kwamba ndoa yake ilisimama juu ya uongo wa mama mkwe.

"Na mimi niliambiwa," akasema Siwazuri. Ile sauti inayozima ng'ombe leo ilikuwa ndogo, inabidi uinamishe kichwa. "Nilikupeleka kliniki kuchomwa sindano, nesi akakuona. Akaniambia, 'Mama Mwinjuma, usikubali mtu amtahiri huyu, hata awe nani. Ngozi hiyo ndiyo watakayomtengenezea.' Nilirudi nyumbani mbio nimwambie baba yako. Nikamkuta barazani amekubeba juu, anakuonyesha watu, anasema malaika wamemwachia amalizie. Sijawahi kumwona amefurahi vile. Wale wawili waliokutangulia aliwazika yeye mwenyewe, na tangu siku zile alikuwa hacheki. Nikasema nisimvunje leo, nitamwambia korosho zikiisha. Korosho zikaisha, nikasema mfungo ukiisha. Mpaka siku ya jando. Nilikuwa uani, Mwinjuma. Ningepiga ukelele mmoja tu baba yako angesikia. Nikaimba. Niliimba kuliko siku zote, nisikusikie."

Mfaume hakuwa amekaa tena. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya korido, watu wanapita wanamtazama.

"Na mimi nilijua," akasema. "Msidhani mlinificha. Kabla ya jando lako watu wa afya walituita sisi mangariba semina, wakatuonyesha picha. Mtoto ambaye tundu lake halipo kwenye ncha usimguse, mlete kwetu. Nikaiona ile picha nikakuona wewe. Nikajisemea sitakukata. Lakini siku ilipofika, wenzako wote wamekaa kwenye majani, na wewe umekaa katikati yao, unanitazama bila woga. Nikasema nikimrudisha huyu bila kukatwa, ataitwa msungo mpaka anakufa. Hatakula sinia moja na wenzake, hatashika jeneza, hataozwa. Mtoto wa ngariba, msungo! Nilikuonea huruma na aibu hiyo. Mkono huu ulikwenda. Ulikwenda taratibu kuliko siku zote."

Hapo ndipo Mwinjuma alipoelewa kwa nini baba yake hakushika kisu tena baada ya msimu ule. Watu walipokuja kumwita alikuwa akisema mkono unauma, atafutwe mwingine. Mwinjuma alimhurumia kwa ajili ya ule mkono. Alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, masikini, kila akisema unauma.

"Kwa hiyo wote mlijua," akasema.

Mfaume akanyoosha mkono amshike, Mwinjuma akarudi nyuma.

"Nimekaa na kiu mimi, na wote mlijua."

Alikasirika mpaka masikio yakamuwasha. Alitaka kuwatukana, akakosa tusi, maana hakuwahi kufundishwa tusi la kumtukania bibi, mama na baba. Akainuka, akaenda hadi mwisho wa korido, akarudi.

"Sikilizeni," akasema. "Nitakayeingia naye, huyo nimemsamehe, na hatutalitaja tena. Wawili watakaobaki, sijui. Sijui kama nitaweza. Msinilazimishe niseme uongo, uongo tumeshakula wa kutosha."

Bi Mwamvita akamshika mkono. Vidole vilevile vilivyomgeuza kwenye beseni. "Ukikaa huko masika yote, mjukuu wangu, mimi sidhani kama utanikuta. Kifua changu unakisikia usiku. Sikulazimishi. Nakwambia tu ujue, usije ukasema hukuambiwa."

Siwazuri hakumshika. Alisimama mbali kidogo. "Nani atakufulia?" akauliza. Ndiye aliyekuwa akiamka kabla ya watu wote kufua kaptura zake, akazianika ndani, majirani wasizione. Alifanya hivyo kila asubuhi na hakuwahi kununa. "Utatoka kwenye dawa ya usingizi huna nguvu, una mpira wa mkojo, mdomo umeshonwa huwezi kusema. Nani atajua unataka nini, kama si mimi?"

Na Mfaume, kwenye sakafu, akasema, "Usinichague mimi. Chagua wanawake." Halafu akavunjika, akalia kwa sauti, mwanamume mzima, ngariba aliyewaambia watoto wa watu wasilie. "Lakini ukinichagua, baba, nitakaa chini ya kitanda chako. Sitalala. Mimi ndiye niliyekukata, niache nione wanavyokushona."

Mwinjuma akawatazama mmoja mmoja. Alimpenda kila mmoja wao, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuwa anamchukia japo mmoja, kazi ingekuwa nyepesi.

Mlango wa mwisho wa korido ukafunguka. Sista akatoa kichwa.

"Mwinjuma Mfaume! Na wa kumuuguza. Haraka, mwanangu, gari la mjini limeshawashwa."

Bibi akanyanyuka kwa kushika ukuta. Mama akasogea hatua moja, akasimama. Baba akafuta uso kwa kiganja, akainuka sakafuni. Mwinjuma akavuta pumzi, akanyanyua mkono wake kuonyesha.

Hapo hapo nauachia mkono wake, hewani. Nawageukia nyinyi.

Bibi aliona, akanyamaza ili kumwokoa mkwewe. Mama aliambiwa, akanyamaza ili kumwokoa mumewe. Baba alijua, akakata ili kumwokoa mwanawe. Angesema mmoja wao tu kati ya hao watatu, Mwinjuma angekuwa anasimama ukutani leo, wala msingemjua jina. Wewe unayetikisa kichwa hapo, naona unataka kuniambia awasamehe wote. Kusema hivyo ni rahisi, hukukaa na kiu wewe. Na usiniambie asimchague yeyote, maana ni mtoto, anakwenda kuchanwa mdomo, na anaogopa.

Haya, mkono uko juu. Ungekuwa wako, ungemwonyesha nani? Mtaje. Na ukishamtaja, usikimbilie kwenye gari. Wageukie kwanza wale wawili, uwatazame machoni, uwaambie kwa nini si wao.