Chozi na Tundu Lililozibwa

Jamani, mpo?
— Tupo!
Masikio je?
— Yako wazi!

Kabla sijaanza, niungame. Mwaka mmoja nilitikisa kiota cha chozi kwenye mlimau wangu, yai likaanguka, nami nikamsingizia paka wa jirani. Mungu anisamehe. Sasa sikilizeni.

Hapo kale, msituni, aliishi Chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu. Alisuka kiota kwa utando wa buibui, akakining'iniza kwenye ncha ya tawi, akatotoa makinda wawili.

Siku moja akaja Hondohondo, mbawa zake wuu! wuu! wuu! Akameza kinda mmoja.

"Huyu wa pili wa kesho," akasema, akajifuta mdomo kwenye gogo.

Chozi akameza uchungu. "Shikamoo, bwana mkubwa. Mbona wajihangaisha?"

"Nina mke, hujui?"

Kweli alikuwa naye. Mkewe alikuwa ameatamia ndani ya tundu la mti, amejiziba kwa udongo kama ilivyo desturi yao, kaacha ufa tu wa kulishwa. Humo ndani manyoya ya mbawa humpukutika. Asipoletewa, hali.

"Ndiyo nasema!" akajibu Chozi. "Mwenzio amekaa, analetewa tu. Jizibe nawe! Kinda wangu akinenepa nitakuletea mwenyewe. Tundu hili hapa, bwana."

Tundu lilikuwa jembamba. Hondohondo akajisokomeza, akajiziba kwa udongo. Paka, paka, paka! Ukabaki ufa.

Kesho yake akaita, "Kinda yuko wapi?"

"Hajanenepa, bwana. Kunywa kwanza." Chozi akapenyeza mdomo wake, akamdondoshea utamu wa maua. Ndo!

Kesho kutwa akaita, "Kinda yuko wapi?"

"Hajanenepa, bwana. Kunywa." Ndo!

Udongo ukakauka. Siku ya tano kinda akaota mbawa, puruu! akaenda zake. Hondohondo akagonga, ko, ko, lakini tundu lilimbana. Shingo haikupata pa kurudi nyuma ili apige kwa nguvu.

Chozi akaruka kwa furaha, mpaka akasikia sauti kwenye mti wa pili.

"Ndugu unayepita, umemwona mume wangu? Siku ya tano leo."

Chozi akachungulia ufani. Mama Hondohondo hakuwa na unyoya wa kurukia. Miguuni pake amelala kinda, uchi, macho bado hayajafunguka.

"Sijamwona, dada," akasema Chozi.

Akaenda mauani, akarudi. Ndo! Akaenda, akarudi. Ndo! Mama akampelekea mwanawe lile tone. Mwanawe hakufungua mdomo.

"Amelala tu," mama akasema. "Eti, amelala?"

"Amelala, dada."

Funzo ni hili: wadogo wasiwe wajanja, wakae kimya waliwe, msitu uwe na amani.

Ngano yangu naitua hapa, atakaye aibebe.

Nawaomba kitu kimoja. Usiku mkisali, mkimtaja Chozi, mtajeni na yule kinda wa tunduni.