Zimwi Lisilojua Kufukiza

Haya, sogeeni karibu, maana hii nikiisimulia peke yangu naogopa.

Alikuwapo Mwanakheri, mzazi wa siku saba, na mama yake alikuwa amekwisha kufa. Zimwi likaja mlangoni, likaiga sauti ya marehemu: "Mwanangu, nipe mjukuu wangu nimpakate."

Akakataa.

Likarudi likiimba wimbo wa mama wa kubembelezea. Akakataa, lakini huku analia.

Mara ya tatu likaja limejisugua udi mwili mzima, na hapo, jamani, mkono wa Mwanakheri ukaenda wenyewe kwenye komeo, maana mama yake alinukia udi, kila Alhamisi alitandaza kanga zake juu ya chetezo chenye makaa na udi.

Akasita. Kanga za mama zilinukia moshi, zilinukia mti uliokwisha kuungua. Udi huu haukuwa umeonja moto.

"Mama, ngoja nikuletee makaa ujifukize kwanza," akasema, "kisha umpakate."

Zimwi likasikia makaa, likakimbia.

Mwanakheri akawasha chetezo, akamfukiza mwanawe, akamnusa shingoni. Mtoto ananukia bibi yake. Akakaa hapo akimnusa mpaka makaa yakawa majivu, nami nawaacha hapo hapo.