Diwani Achagua Nguruwe

Diwani Mwasomola aliingia kwenye banda la kikundi cha vijana, akaelekeza fimbo kwa nguruwe jike mwenye mimba, tegemeo lao lote.

"Huyu ni wa sherehe yangu. Mkikataa, banda linabomolewa."

Tusekile, mwenyekiti wao, alishusha pumzi. "Asante, mheshimiwa. Tuliogopa ungechukua lile dume kubwa."

"Kumbe mnanificha kilichonona, nyie wanuka mavi? Nipeni dume!"

Walimsihi sana asilichukue. Akalipakia.

Jumatatu alirudi akifoka. "Wageni wangu wametema nyama mezani! Inanuka mkojo!"

"Pole, mheshimiwa," alisema Tusekile. "Dume zee lisilohasiwa hunuka hivyo likipikwa. Nilidhani mtu mkubwa kama wewe anajua. Hata wachinjaji walishalikataa."