Goti Jikoni mwa Bi Mize

Kaeni karibu, kisa ndicho hiki. Mji wa Vumbani ulishindwa vita, na Mwinyi Chande, jumbe wa Tondwe iliyoshinda, akaweka sharti la amani: kila jiko la Vumbani litoe figa moja. Yakabaki mafiga mawili, na chungu hakisimami juu ya mawili.

Watu wakala muhogo mbichi. Bi Mize binti Hamadi, aliyebakiwa na mwana mmoja, Mbwana, akaenda Tondwe kuomba. Wakamcheka. Akaenda tena. Wakamwambia, "Bibi, tafuneni mkaa."

Ndipo likaja zimwi Mwengo, likaota magoti mengi, likaingiza moja katika kila jiko. "Tegesheni vyungu hapa. Sitaki kitu, niiteni Bwana tu." Wali ukaiva. Aliyehoji aliondolewa goti, uji ukamwagika, na majirani wakasema, "Kajitakia." Kisha zimwi likaamuru vijana wanoe mikuki waivamie Tondwe, likisema, "Watawaogopa."

Bi Mize akakimbilia Tondwe mara ya tatu. "Mwinyi, rudisha mafiga, nisije nikamzika mwanangu!"

Mwinyi Chande alikwisha kusikia habari za mikuki. "Chukua, mama. Chukueni yote."

Akarudi mbio, figa kichwani, akamkuta Mbwana mlangoni na mkuki.

"Mwanangu, tutapika wenyewe! Wameyatoa mafiga!"

"Wameyatoa?" Mbwana akacheka. "Basi wanatuogopa. Bwana alisema kweli." Akawakimbilia wenzake.

Bi Mize akaketi, amelipakata figa. Chungu kilichemka juu ya goti, na mlaji hakuwapo.

Kisa nimekitua hapa, atakayekibeba akibebe.