Gitaa la Upande wa Kushoto

Mwanamke mmoja wa Tukuyu alikuwa na wimbo, mama mgonjwa, na mdogo wake wa kiume aliyejua kupiga gitaa. Mwanamke huyo aliitwa Subilaga. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi, huu ukiwa mwaka wa pili, sauti imekwenda kabisa, na akitaka kitu aligonga kikombe cha bati kwa kijiko, mara mbili. Mdogo mtu aliitwa Lusekelo. Baba alishafariki, na katika nyumba ile ya vyumba viwili walibaki hao watatu tu.

Wimbo wenyewe haukuwa wa kubadilisha dunia. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, wa kuchezeka, binti anamwambia kijana aache kupiga miluzi nyuma ya jiko, aje mchana aonekane na watu. Subilaga aliutunga siku moja akimenya viazi, na tangu hapo haukumtoka kichwani. Studio ilikuwa mbali, na mama hakuweza kuachwa siku nzima, basi wakaurekodi nyumbani. Walining'iniza mablanketi matatu kwenye kamba ili kukata mwangwi, wakaazima maikrofoni ya kwaya, wakafungua kompyuta kuukuu waliyoachiwa na binamu yao. Kule mvua ni mwenyeji na bati halitunzi siri. Mara nyingi sauti ilikaa vizuri hadi kwenye kiitikio, matone yakaanza juu, na kazi yote ikaharibika. Wakangoja. Wakapata nusu saa leo, robo saa kesho, na baada ya wiki tatu walikuwa na sauti, ngoma, kinanda na gitaa.

Ikabaki kazi ya kuchanganya. Aliyewahi kukaa na wanamuziki anaijua: kila kitu hupewa mahali pake, kama watu wanavyopangwa kwenye picha ya harusi. Subilaga aliweka sauti yake katikati, kinanda kulia, na gitaa la mdogo wake kushoto. Kisha akavaa zile spika ndogo za masikioni, maana muziki wa sauti kubwa ungemsumbua mama. Alivaa moja tu, ya upande wa kulia. Ya kushoto aliiacha ining'inie kifuani, ili sikio hilo libaki wazi kwa ajili ya kikombe. Alikuwa amezoea hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba hakujua tena kuwa anafanya hivyo.

Gitaa likawa linamfikia kwa mbali, kwa yale machache tu yaliyovuka kutoka upande wa pili. Akaliongeza. Likabaki dogo. Akaliongeza tena. Alipochoka kuongeza alimwita Lusekelo na kumtaka apige upya, kwa nguvu zaidi. Lusekelo akapiga. Akarudia mara nne, akarudia mara saba, vidole vikaanza kuota malengelenge, na kila mara dada yake alitikisa kichwa. Baada ya mara ya tisa Subilaga aliishiwa uvumilivu.

"Unapiga kama mgeni anayeomba maji," alimwambia. "Kama hukuupenda wimbo wangu, ungesema tangu mwanzo."

Lusekelo aliinuka. Aliegemeza gitaa ukutani, na kesho yake alfajiri akashuka Kyela kwa mjomba wao kufanya kazi ya kuanika kakao. Baada ya siku mbili alituma ujumbe mfupi. Alisema gitaa lile dada anaweza kumpa mtu yeyote anayelitaka, yeye hapigi tena.

Subilaga aliumia, lakini aliumia kama mtu mwenye haki, na hayo ni maumivu yasiyomfundisha mtu kitu. Kila jioni mama alitazama mlangoni, akangoja, kisha akageuza macho kumtazama binti yake. Binti akajifanya ana kazi jikoni. Alimpenda mdogo wake kuliko alivyoweza kusema, na aliogopa kwamba amempoteza, lakini kila alipowaza kumpigia simu alikumbuka lile gitaa hafifu na moyo ukawa mgumu tena. Mwisho akachukua kile kipande cha mara ya tisa, akakipandisha mpaka kipimo kikagota, akasema basi, wimbo umekwisha.

Kwanza aliutuma kwa ndugu na marafiki. Wakamjibu kwa alama za moto na za mikono inayopiga makofi, na mmoja akaandika kwamba nchi nzima itamjua. Subilaga alifurahi kwa muda wa kama saa moja. Kisha furaha ikaanza kupungua, kwa sababu aliwajua watu wake. Nusu yao hawakufika hata ubeti wa pili, na hata kama angewatumia kikohozi chake wangekisifia. Alitaka kusikia neno kutoka kwa watu wa kazi.

Watu hao walikuwepo. Kila Jumamosi alasiri wanamuziki wa mji ule hukutana kwenye karakana ya Ambakisye, seremala anayepiga gitaa la besi. Hukaa juu ya viti ambavyo havijapigwa msasa na vitanda ambavyo havijatiwa chaga. Wana utaratibu wao. Wimbo unapigwa mara moja tu, kwa spika mbili kubwa, moja huku na nyingine kule. Mwenye wimbo hukaa katikati kwenye stuli, na haruhusiwi kueleza lolote, kabla wala baada, kwani wimbo ukishatoka nyumbani, mwenyewe hatakuwa anatembea nao mitaani kuutetea. Kisha kila mmoja anasema jambo moja, zuri au baya, na mwenye wimbo anajibu asante. Wapo waliotoka pale wakitabasamu. Wapo pia waliotoka wamenuna na hawakurudi, na nyimbo zao zimebaki vilevile hadi leo.

Zamu ya Subilaga ilipofika, alivunja utaratibu kabla hata hajakaa sawasawa.

"Gitaa mnisamehe," alisema. "Ni la mdogo wangu, hana nguvu."

Ambakisye aliweka kidole mdomoni kumnyamazisha, akawasha.

Gitaa lilitoka kwenye spika ya kushoto kwa kishindo, hadi waliokaa upande ule wakasogeza viti vyao. Subilaga akadhani nyaya zimechomekwa vibaya. Akatazama huku na huku. Sauti yake mwenyewe, aliyoihangaikia wiki tatu, ilikuwa inasikika nyuma kabisa, kama mtu mfupi aliyesimama nyuma ya umati. Alitaka kusema kwamba nyumbani haiko hivi. Akakumbuka kwamba haruhusiwi, akakaa pale akilowa jasho mpaka wimbo ukaisha.

Hakuna aliyecheka. Mpiga ngoma alisema kiitikio kimerudiwa mara moja zaidi ya haja. Subilaga akasema asante. Mama mmoja anayeimba kwenye harusi alisema yale maneno ya miluzi nyuma ya jiko yamemkumbusha mambo yake mwenyewe, na asiyaguse hata herufi. Asante. Ambakisye akasema gitaa limemfunika mwimbaji, lakini vidole vile ni vya mtu anayejua anachokifanya, na angependa kumfahamu mtu huyo. Hapo asante ilitoka kwa shida.

Akabaki Tusajigwe, mpiga kinanda, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Alikuwa ameinamisha kichwa wimbo mzima, akikigeuza upande huu na upande ule. Alipoinua uso hakusema jambo lake. Aliuliza.

"Mwenzangu, hii uliisikiliza kwa sikio moja?"

Mkono wa Subilaga ulipanda wenyewe hadi kwenye sikio la kushoto. Akalishika. Akaiona akilini ile spika ndogo ikining'inia kifuani pake, akakiona kikombe cha bati, akaviona vidole vya Lusekelo vilivyoota malengelenge, na aibu ikamshika mwili mzima. Aliomba wimbo upigwe tena. Utaratibu haukuruhusu, na watu walitazamana. Ambakisye akainuka, akaipunguza spika ya kushoto kwa mkono wake, akaurudisha wimbo mwanzo.

Ndipo Subilaga akamsikia mdogo wake kwa mara ya kwanza. Kila alipomaliza mstari na kuvuta pumzi, gitaa lilimjibu kwa noti tatu au nne, kisha likanyamaza kumpisha. Alipopandisha sauti lilimshikilia kwa chini. Pale kwenye ubeti wa pili, ambapo siku zote alihisi kama anaanguka, lilikuwapo. Lusekelo alimsindikiza dada yake toka mwanzo hadi mwisho, mara zote tisa, na kila mara aliambiwa hayupo. Subilaga alilia mbele za watu wale, na Tusajigwe akampa pindo la kanga yake apanguse machozi.

Mtu asije akasema kwamba Subilaga alikosea kumsikilizia mama. Sikio lile lilikwenda mahali pema, na ingekuwa heri kila mgonjwa angekuwa na sikio la namna hiyo nje ya mlango wake. Kosa lake ni kusahau kwamba sikio moja liko kwenye kazi nyingine, kisha akahukumu kwa lile lililobaki kana kwamba ndiyo yote mawili. Na kile asichokisikia yeye ndicho kilichokuwa kikiwapigia wengine kelele. Peke yake, na spika yake moja, angeweza kukaa na wimbo ule miaka kumi asilijue jambo hilo. Wale waliompenda walimpa moto na makofi, naye akabaki palepale. Waliomsaidia ni wale waliokubali kusogeza viti mbele yake.

Jioni ile alikaa na wimbo, akavaa spika zote mbili, akamwomba jirani akae na mama. Alishusha gitaa, akakata kiitikio kimoja, na kwa dakika kumi wimbo ukawa umetengemaa. Angeweza kuishia hapo. Wimbo ulikuwa tayari, na wengi huishia hapo. Lakini mtu hana kitufe cha kushushwa na kupandishwa ukiwa umekaa nyumbani kwako, na Subilaga alilijua hilo.

Jumanne alimwachia jirani mama, akashuka Kyela. Njia nzima alitunga maneno. Angeeleza habari za mama, za kikombe, za bati na mvua, angeeleza jinsi alivyochoka siku zile, na maelezo yote yalikuwa ya kweli. Alimkuta Lusekelo nyuma ya nyumba ya mjomba, kwenye jua kali, akigeuza kakao juu ya maturubai kwa reki ya mbao.

"Shikamoo, dada," alisema Lusekelo, kwa heshima zote, kisha akaendelea kugeuza.

Ile heshima kavu ilimuuma Subilaga kuliko tusi. Alisimama pembeni ya turubai, na maneno yote aliyoyatunga njiani akayaona ni ya kujitetea yeye. Akayaacha yote.

"Nilikuwa nasikia nusu," alisema, "nikakuambia wewe ndiye pungufu."

Reki ikasimama. Subilaga akampa simu na spika zote mbili. Lusekelo alipangusa mikono kwenye suruali, akazivaa, akasikiliza akiwa amesimama, macho chini kwenye kakao. Dakika tatu na nusu ni chache kwa anayecheza muziki. Kwa anayengoja kujua kama bado ana ndugu, ni ndefu sana. Subilaga alingoja. Hakuomba kitu wala hakusogea, na kwa mara ya kwanza tangu wimbo ule uanze hakutamani kusifiwa.

Lusekelo alizivua taratibu. Akazungusha waya wa spika kwenye kidole.

"Ubeti wa pili," alisema mwishowe, "kuna mahali nimechelewa kuingia. Pale itabidi nirudie."

Subilaga aliitikia kwa kichwa. Akaitazama ile kakao iliyobaki, akachukua reki ya pili iliyoegemea ukuta, akaanza kugeuza kutoka upande wake ili mdogo wake amalize mapema.

Nawe uliyeyasikia haya, kabla hujatoka hapa ukawaze makosa ya wenzio, jiulize: ni nani nyumbani kwako aliyeweka gitaa lake chini kwa sababu wewe ulimsikia nusu?