Kofia ya Mwanaidi

Hapo zamani, huko milimani kwenye baridi, siku ya harambee walikuwapo hawa: Shekigenda mnadi, Kiluwa mwenye bucha, Bi Zubeda mfuma masweta, Mama Rehani aliyetoka hospitali alikolazwa mwanawe, na Mama Mwanaidi. Mwanaidi mwenyewe alikuwa kwenye picha, mezani.

Mwanaidi alikufa kwa saratani ya damu. Wodini mama yake alilala sakafuni, na mtoto alikuwa akimwambia, "Mama, panda tulale wote." Ndiyo maana watu walichangia magodoro ya akina mama, kwa jina lake.

Watu walikuwa wema. Walileta kuku, keki, mananasi, vyote vya kunadiwa. Walimpa mama kiti cha mbele na chai ya kwanza. Lakini tangu mazishi hakuna aliyemwita Mama Mwanaidi. Walimwita "dada", wakiogopa kumwumiza. Alikaa katikati yao kama mgeni.

Kando ya picha alikuwa ameweka kofia ya sufu ya mwanawe. Shekigenda alizoea kunadi kila kilicho mezani. Akaiinua. "Na hii, nani anaichukua?"

Mama hakumzuia. Aliyafikiria magodoro.

Kiluwa akataja bei, akapandisha, akapandisha tena.

"Kiluwa, kichwa hicho kitaingia humo?" Bi Zubeda akamtania.

Watu wakacheka. Kiluwa akatoa fedha yote aliyoiweka kununulia mabati ya nyumba yake. Ndipo wakamwona mama akiinyoshea kofia mkono, kisha akiurudisha mapajani, wakajua walichofanya.

Bi Zubeda akasema, "Arudishiwe mama. Nguo zote ziligawiwa. Hana kingine chenye harufu ya mwanawe."

Kiluwa akasema, "Nimeinunua kwa paa la nyumba yangu. Naomba itundikwe wodini, mtoto asisahauliwe."

Mama Rehani akasimama. "Mama Mwanaidi," akasema, na mama akainua uso. "Wanetu walikuwa kwenye vitanda jirani. Nywele zilipowaisha waliivaa kwa zamu. Rehani hajaambiwa kuwa mwenzake amefariki. Kila siku anauliza zamu yake itafika lini."

"Nitamfumia nyingine," akasema Bi Zubeda.

"Anaitaka ya rafiki yake, bibi. Nami sina cha kulipa."

Kiluwa akaiweka kofia mapajani mwa mama. "Amua wewe."

Mama Mwanaidi akajifunika nayo usoni, akavuta pumzi.

Magodoro yalifika wodini Jumatatu, na akina mama wakaacha kulala sakafuni.

Je, kofia ile ilistahili kuwa ya nani?